Maswali ya Kikapu: Mkongwe Anaondoka, Zamu Inaingia

Barua za mwezi huu kuhusu NBA zimezunguka jambo moja: timu iliyo mkiani inawatoa wakongwe wake na kupokea vitu visivyoonekana uwanjani. Tumezikusanya na kuzijibu pamoja. Neno moja kwanza. Drafti inayozungumzwa hapa si ile ya vizibo vya soda chini ya mti. Ni shughuli ya kila Juni ambapo timu 30 za ligi huchagua vijana wapya kwa zamu, raundi mbili, dhaifu wakitangulia. Zamu hizo ni mali, na huuzwa miaka mingi kabla hazijafika.

SWALI: Timu yangu iko mkiani. Badala ya kuongeza nguvu, imemtoa mchezaji wake bora wa miaka 33 na kupewa "raundi ya kwanza ya 2029". Hiyo 2029 inafunga vikapu vingapi msimu huu? – Shabiki, Kondele, Kisumu

JIBU: Haifungi hata kimoja, na aliyekubali biashara hiyo anajua. Hesabu iko kwenye umri. Timu inayoanza kujijenga leo kwa vijana wa miaka 19 na 20 itachukua miaka minne au mitano kabla haijamtisha mtu. Wakati huo mkongwe wako atakuwa na miaka 37 au 38. Ubora wake wa leo hauwafai walio naye. Unamfaa jirani anayewania ubingwa mwaka huu. Ukimshikilia, bei inashuka kila mwezi. Goti likitetereka, au mkataba ukibakiza wiki chache, hutapata mnunuzi.

Ila usiutazame tu mwaka ulioandikwa. Tazama ni zamu ya nani. Zamu ya raundi ya kwanza yaweza kuwa ya 1 au ya 30, na kinachoamua ni hali ya timu iliyoitoa, mwaka huo utakapofika. Ndiyo maana muuzaji mjanja hutafuta mnunuzi ambaye kikosi chake kitazeeka haraka.

Julai 2013 Boston Celtics waliwapeleka Brooklyn Nets Kevin Garnett wa miaka 37, Paul Pierce wa miaka 35, pamoja na Jason Terry. Walipokea zamu za raundi ya kwanza za 2014, 2016 na 2018, na haki ya kubadilishana zamu mwaka 2017, yaani kuchukua ya Brooklyn ikiwa bora kuliko yao. Brooklyn ilishinda mechi 44 msimu wa kwanza, ikavuka hatua moja ya mchujo, kisha uzee ukabisha hodi. Zamu ya 2014 ilikuwa ya 17 na haikuleta la maana. Ya 2016 ilikuwa ya tatu: Jaylen Brown. Mwaka 2017 Brooklyn ilikuwa ya mwisho katika ligi nzima, Boston wakabadilishana nayo, wakapata zamu ya kwanza kabisa, wakaiuzia Philadelphia kwa zamu ya tatu na nyongeza, na kwa hiyo ya tatu wakamchukua Jayson Tatum. Ya 2018 ilitumika kumleta Kyrie Irving. Brown na Tatum walitwaa ubingwa 2024. Hesabu hiyo miaka: 11 tangu biashara ifanywe. Shabiki asiye na subira atapata tabu na timu ya aina hii.

SWALI: Utah walipomtoa Donovan Mitchell kwenda Cleveland mwaka 2022 walipewa zamu za 2025, 2027 na 2029. Mbona zinaruka mwaka mmoja mmoja? – Msomaji, Bungoma mjini

JIBU: Jicho lako ni zuri. Timu hairuhusiwi kujiacha bila zamu yoyote ya raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo inayofuatana. Ukishauza ya 2027, ya 2028 unabaki nayo, isipokuwa uwe na zamu ya timu nyingine mwaka huo. Hairuhusiwi pia kuuza zamu iliyo mbali zaidi ya miaka saba.

Hapo ndipo haki ya kubadilishana inapoingia. Utah walichukua pia haki hiyo kwa 2026 na 2028. Cleveland bado wana zamu miaka hiyo, kwa hiyo kanuni haijavunjwa. Lakini zamu yao ikiwa bora kuliko ya Utah, Utah wanachukua ile bora na kuwaachia hafifu. Kwa njia hiyo miaka mitano mfululizo imefungwa. Na kanuni yenyewe imepewa jina la Ted Stepien, aliyemiliki Cleveland hiyo hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kugawa zamu kama njugu hadi ligi ikaingilia kati.

SWALI: Nikisoma habari za mabadilishano, anatajwa nyota mmoja, halafu majina manne ya watu ambao hata hawachezi. Hao ni wa nini? Si wangempa mtu zamu na mambo yaishe? – Mfugaji na shabiki, Njoro, Nakuru

JIBU: Hao ni mizani. NBA ina kikomo cha mishahara, na timu nyingi huwa zimekipita. Msimu wa 2025-26 kikomo ni dola milioni 154.6. Timu iliyokipita haiwezi kumpokea mtu bila kutoa mishahara inayokaribiana na wake, na zamu haina mshahara. Katika mizani hiyo zamu ni sifuri.

Kwa timu iliyopita kikomo lakini haijafika ngazi za juu za matumizi, kipimo cha msimu huo ni hiki. Ukitoa mshahara usiozidi takriban milioni 8.3, unaweza kupokea mara mbili yake na dola 250,000 juu. Ukitoa kati ya hapo na takriban milioni 33, unapokea ulichotoa na kuongeza takriban milioni 8.5. Zaidi ya hapo ni asilimia 125 na dola 250,000.

Chukua mkongwe wa milioni 20. Mnunuzi anaweza kumlipia kwa mmoja wa milioni 12 asiyecheza sana pamoja na kijana wa milioni 4: jumla ni 16, na kwa kipimo hicho anaruhusiwa kupokea hadi 24.5. Biashara inapita. Akitoa kijana wa milioni 4 peke yake, anaruhusiwa 8.25 tu, na ligi inaikataa biashara. Kwa hiyo huyo wa milioni 12 asiyecheza ndiye mlango ambao nyota alipitia. Zamu huwekwa juu ya mizani ikishasawazika, kama malipo ya ubora.

Juu ya kiwango cha kodi ya anasa, ile anayotozwa aliyetumia mno kwa mishahara, kuna mistari miwili, eproni ya kwanza na ya pili. Msimu wa 2025-26 ya kwanza iko milioni 195.9 na ya pili 207.8. Aliyepita ya kwanza hapokei hata senti zaidi ya alichotoa. Aliyepita ya pili hawezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili apokee mmoja mkubwa, wala kutoa pesa taslimu, na zamu yake iliyo mbali miaka saba hufungiwa asiiuze. Ukimtafutia mkongwe wako soko, anza kwa kufuta timu hizi kwenye orodha. Zinamtaka lakini mikono imefungwa.

Wewe mfugaji utaelewa upesi. Unatoa ng'ombe wa maziwa aliyebakiza misimu miwili, unaahidiwa ndama ambaye hajazaliwa, wa ng'ombe wa jirani. Tofauti ni kwamba huko sheria inakulazimisha kupokea pia beberu mzee ili uzito ulingane.

SWALI: Kuna timu dhaifu zinazopokea wazee wenye mishahara mikubwa ambao hakuna anayewataka. Huo si ujinga? – Kakamega

JIBU: Mara nyingi ni kazi ya kulipwa. Timu inayojijenga huwa na nafasi chini ya kikomo, na timu tajiri ina mkataba unaoikaba. Tajiri hutoa mkataba na kuongeza zamu kama ada ya kuondolewa mzigo.

Oklahoma City walifanya hivyo na Al Horford. Mwishoni mwa 2020 Philadelphia walitaka kuachana na mkataba wake. Oklahoma City wakampokea akiwa na miaka 34, na juu yake zamu ya raundi ya kwanza. Alicheza mechi 28, akapumzishwa. Juni 2021 walimpeleka Boston na kupokea Kemba Walker, mwenye mkataba mzito vilevile, pamoja na zamu ya 16 ya mwaka huo. Hiyo ya 16 wakaiuzia Houston kwa zamu mbili za baadaye. Walker naye akalipwa sehemu ya haki yake, akaachiliwa. Mikataba miwili iliyochukiwa, na ghala likajaa.

Mambo mawili huharibu mpango huu. Kwanza urefu: mkataba wa mwaka mmoja uliobaki ni mzigo mwepesi, wa miaka mitatu utakutana na siku ambayo vijana wako wanadai nyongeza. Pili, timu ikimwachisha mchezaji inaweza kutandaza deni lake kwa miaka mara mbili ya iliyobaki na mmoja juu, yaani iliyobaki miwili inakuwa mitano. Mwaka wa kwanza unaona nafuu. Wa tano bado unamlipa mtu anayevua samaki.

SWALI: "Zamu yenye kinga" ni nini hasa? Nieleze kama mtu asiyejua. – Webuye

JIBU: Ni zamu yenye sharti. "Kinga ya 1 hadi 10" maana yake: zamu ikiangukia kati ya 1 na 10, mwenyewe anabaki nayo, ikiangukia 11 au zaidi, inakwenda kwa aliyeinunua. Kisha soma sentensi inayofuata, maana ndipo thamani ilipojificha: isipotolewa mwaka huo, je, inasogea mwaka unaofuata? Kwa kinga ipi? Na ikifika mwisho bila kutolewa, inageuka zamu za raundi ya pili au deni linafutwa?

Tuitazame moja. Katika msimu wa 2020-21 Utah walikuwa na rekodi bora kuliko timu zote, ushindi 52. Kiangazi hicho, ili wapunguze gharama, waliwapa Oklahoma City mkongwe Derrick Favors na mkataba wake, pamoja na zamu ya raundi ya kwanza. Masharti: 2024 kinga ya 1 hadi 10, ikishindikana, 2025 kinga ileile, ikishindikana, 2026 kinga ya 1 hadi 8, baada ya hapo deni limekwisha. Kwa timu inayoongoza ligi, kinga ya kumi ilionekana kama kufunga mlango wa chumba kisichotumika. Mwaka mmoja baadaye Utah waliwauza Rudy Gobert na Mitchell na kuanza upya. Mwaka 2024 zamu yao iliangukia ya 10 barabara, wakabaki nayo. Mwaka 2025 ilikuwa ya 5, wakabaki nayo tena.

Ona pia upande mbaya: kinga humpa mwenye deni sababu ya kutaka kupoteza. Timu iliyo ya tisa au ya kumi kutoka chini mwezi wa Machi, yenye kinga ya nane, itakuwa na "majeruhi" wengi. Machi 2025 ligi iliwatoza Utah faini ya dola 100,000 kwa kutomchezesha Lauri Markkanen.

Ukiona zamu imeandikwa haina kinga, ihesabu mara mbili.

SWALI: Nilidhani timu ya mwisho hupewa zamu ya kwanza moja kwa moja. Mbona Utah walikuwa wa mwisho na wakachagua wa tano? – Busia

JIBU: Kwa sababu zamu nne za kwanza hupigiwa bahati nasibu. Timu 14 zisizofika mchujo huingia. Ndani ya mashine kuna mipira 14 yenye namba. Hutolewa minne, na michanganyiko 1,000 imegawiwa timu. Kwa utaratibu ulioanza 2019, timu tatu za mwisho zina michanganyiko 140 kila moja, yaani asilimia 14 kwa zamu ya kwanza. Ya nne kutoka chini ina asilimia 12.5. Kabla ya hapo ya mwisho ilikuwa na asilimia 25, na ilionekana kupoteza kunalipa mno.

Nne zikishatolewa, waliobaki hupangwa kwa rekodi. Kwa hiyo wa mwisho hashuki chini ya tano, na uwezekano wa kushuka hadi hapo ni asilimia 47.9, karibu nusu kwa nusu. Utah walishinda 17 na kupoteza 65 msimu wa 2024-25, wakapata ya tano. Dallas, waliokuwa na asilimia 1.8 tu, wakapata ya kwanza na kumchukua Cooper Flagg. Detroit walikuwa wa mwisho 2023 na tena 2024, na mara zote mbili wakachagua wa tano.

Detroit inafaa kutazamwa na kila anayeshangilia kupoteza. Msimu wa 2023-24 walipoteza mechi 28 mfululizo, wakamaliza na ushindi 14. Walikuwa na vipaji, Cade Cunningham miongoni mwao, lakini wapiga mitupo ya mbali walikuwa wachache, kwa hiyo walinzi wa wapinzani walijaa chini ya kikapu na kijana hakuwa na njia. Kiangazi cha 2024 waliwaleta Tobias Harris na Malik Beasley. Kutoka Dallas wakampokea Tim Hardaway Jr., na Dallas wakaongeza zamu tatu za raundi ya pili juu yake, wao wakitoa Quentin Grimes. Kocha akabadilishwa. Msimu uliofuata: ushindi 44. Kwa maoni yetu, timu inayojijenga isikose wakongwe wawili au watatu wa kupiga mitupo na kupanga mchezo. Kuwauza wote ni kosa linalorudiwa mno. Tena ligi inadai kila timu itumie angalau asilimia 90 ya kikomo, kwa hiyo pesa hizo zitatoka tu.

SWALI: Nikeshe lini? Kazi yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. – Dereva, Nakuru

JIBU: Usiku mmoja wa Februari, siku ya mwisho ya mabadilishano: dirisha hufungwa saa tano usiku kwa saa zetu, na nusu saa ya mwisho ndiyo yenye kelele. Unaweza kulala saa sita. Drafti ya Juni huanza karibu saa tisa usiku, hiyo isome asubuhi. Weka alama pia Desemba 15, siku ambayo wengi waliosaini mikataba mipya kiangazi huanza kuruhusiwa kuuzwa. Kabla yake tetesi nyingi ni maneno matupu. Na Machi 1: mkongwe anayeachishwa baada ya siku hiyo hawezi kucheza mchujo na timu nyingine, ndiyo maana wengi huomba kuondoka Februari.

SWALI: Klabu yetu hapa Kisumu haishindi, na wachezaji wanne wamefika ukingoni. Tunaweza kuiga mbinu hizi? – Kocha

JIBU: Kocha, ligi ya hapa haina drafti wala kikomo cha mishahara, kwa hiyo hakuna zamu ya kununua. Ukimwachilia mkongwe, unabaki na nafasi kwenye orodha na nauli yake. Kinachofaa kuigwa ni kalenda. Usiwatoe wanne kwa mara moja. Toa wawili, na abaki anayepeleka mpira mbele, maana vijana wakikosa mtu wa kuvuka nusu uwanja chini ya shinikizo, mazoezi mengine yote yanapotea. Watafute wawili au watatu wanaomaliza KCSE Novemba, uwaingize mazoezini Desemba kabla vyuo havijawachukua. Andika kwenye karatasi, hata ukurasa mmoja: muda, nauli, viatu, nani analipa akiumia. Na ukimwachilia mkongwe kwa klabu nyingine, omba kitu kinachoshikika: mipira sita, au mechi mbili za kirafiki ambazo wao wanagharamia usafiri.

SWALI: Na mchezaji mwenyewe, ana neno? Au anaamka na kuambiwa sasa wewe ni wa mji mwingine? – Gilgil

JIBU: Wengi huamka na kuambiwa. Haki ya kukataa huweza kuandikwa tu kwenye mkataba wa aliyecheza miaka minane ligini na minne katika timu hiyo, na bado timu iwe imekubali. Washington walimpa Bradley Beal haki hiyo mwaka 2022. Mwaka uliofuata walipotaka kumuuza, yeye ndiye aliyechagua pa kwenda. Akachagua Phoenix, na Washington hawakupata hata zamu moja kamili ya raundi ya kwanza: walipewa Chris Paul, Landry Shamet, haki za kubadilishana na zamu za raundi ya pili.

Kuna mlango mwingine wa kurudi, nao ni daktari. Kila biashara husubiri vipimo vya afya. Februari 2025 Los Angeles Lakers walikubaliana na Charlotte kumpata Mark Williams kwa Dalton Knecht, Cam Reddish, zamu ya raundi ya kwanza ya 2031 na haki ya kubadilishana ya 2030. Dirisha likafungwa, vipimo vikatoka, Lakers wakakataa. Biashara ikafutwa, na Knecht na Reddish wakarudi kwenye chumba walichokwisha kuaga.